Meza Inayonyambulika: Samani za Ofisi na Seremala wa Nyeri

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, si kila kazi ya ofisini ni ya vidole vingi. Karani anayehakiki orodha ya mishahara huhitaji utulivu, ilhali kamati inayoandaa bajeti huhitaji meza ya kuzungukwa. Aghalabu watu hao hao ndio wafanyao kazi zote mbili katika siku moja. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Nyeri, Kerugoya, Embu na Meru imepata ofisi mpya za umma, na pamoja nazo haja ya samani. Swali ni je, samani hizo huagizwa kwa manufaa ya anayezikalia, au ya anayehesabu nafasi?

Historia inatoa funzo. Nchini Marekani, mwaka 1964, kampuni ya Herman Miller ilitoa samani zilizoitwa Action Office, zao la fikra za Robert Propst na ubunifu wa George Nelson. Toleo la pili, la mwaka 1968, lilikuwa na viambaza vyepesi ambavyo vingepangwa upya kulingana na kazi. Waajiri waliona humo njia ya kusongamanisha watu wengi katika ukumbi mmoja. Viambaza vilivyokusudiwa kumpa mfanyakazi hiari vikageuka vizimba, na Propst mwenyewe akaja kuyashutumu matokeo hayo. Ufundi haukuwa na kosa. Mfanyakazi ndiye aliyenyang'anywa uamuzi.

Mwanafunzi wa mofolojia ataielewa dhana hii upesi. Mzizi -andik- huzaa andika, andikia na andikiana. Mzizi haubadiliki, ila uhusiano wa watendaji hubadilika. Meza ya ofisi yafaa iwe vivyo hivyo. Mathalani, meza yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60 humtosha mtu mmoja. Mbili zikiunganishwa upande kwa upande huwa mraba wa kuzungukwa na watu wanne au zaidi. Sharti kimo chake kiwe kimoja, na uzito wake usiwashinde watu wawili kuibeba.

Wala wazo hili si geni Afrika Mashariki. Kigoda cha miguu mitatu hubebwa kwa mkono mmoja na hutulia hata pasipo sawa. Pwani, mbuzi ya kukunia nazi hukunjwa baada ya kazi na kuegemezwa ukutani.

Kuunganisha meza pekee hakutoshi. Faragha nayo ina haki yake. Vituo vya Huduma, vilivyoanzishwa mwaka 2013 na ambavyo kimoja kiko Nyeri, vimekusanya huduma za idara nyingi chini ya paa moja. Huo ni ufanisi wa kupongezwa. Lakini katika ukumbi wowote wa aina hiyo, mjane anayefuatilia pensheni ya marehemu mumewe hapaswi kueleza msiba wake huku foleni nzima ikimsikiliza. Kiambaza chepesi cha mbao na kitambaa, kinachosogezwa na karani mwenyewe, kingemsitiri.

Nani ataunda samani hizo? Mgrivilea, mti uliotoka Australia, umepandwa kwa wingi katika mashamba ya kahawa kuzunguka Mlima Kenya, na mafundi wa jua kali wamejaa katika miji hii. Wapo watakaopinga kwamba mbao za jua kali hupinda na droo hukwama. Hoja hiyo ina uzito. Mbao mbichi hupinda kwa sababu huendelea kupoteza maji baada ya kuundwa. Dawa yake ni kuzikausha kivulini, zikiwa zimepangwa kwa nafasi, kabla ya kuguswa na randa. Subira hiyo hudai mtaji, na fundi ambaye malipo yake huchelewa hawezi kuumudu. Anayetaka meza isiyopinda hana budi kulipa kwa wakati.

Faida ya seremala wa karibu haipatikani katika katalogi ya ng'ambo. Huweza kuitwa, akapima chumba, akamsikiliza karani, na akarudi baada ya miezi mitatu kurekebisha bawaba. Kinachozuia mazungumzo hayo ni, kwa kiasi kikubwa, lugha. Hati za zabuni huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Seremala anayelijua kila jina la kiungo cha meza hushindwa na fomu.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana deni. Wakishirikiana na wenzao wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, wanaweza kukusanya istilahi za useremala zilizoko karakanani, na kuandika kwa Kiswahili maelezo ya samani ambayo fundi na karani watayasoma pamoja kabla ubao wa kwanza haujakatwa.