Mgonjwa Apewe Sababu, Siyo Amri Tu

Kwenye dirisha la dawa la zahanati, maelezo huwa mafupi. Mgonjwa wa malaria anakabidhiwa vidonge 24 vya dawa mseto na kuambiwa: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, usikatishe. Kisha linafuata swali: "Umeelewa, mama?" Mama anaitikia kwa kichwa, foleni inasogea.

Itikio hilo halimwambii mtoa dawa chochote. Mtu mzima anayeulizwa mbele za watu kama ameelewa atasema ndiyo, kwa sababu kusema hapana ni kujianika. Wapo watoa dawa wanaohisi mgonjwa hajashika, wakapandisha sauti, wakarudia maneno yale yale kana kwamba wanasema na mtoto, au wakamtuliza kuwa "mbona ni rahisi tu". Hapo dharau imeshaingia, hata kama haikukusudiwa. Kama ni rahisi, aliyeshindwa kulishika ajione nani?

Wengine, kwa kuogopa kumchosha mgonjwa, humpa amri bila sababu. Hilo nalo linamshusha, ilhali sababu zenyewe zinaelezeka. Dawa mseto, iliyoanza kutumika Tanzania kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwishoni mwa 2006, ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta huua vimelea kwa kasi, na homa hushuka mapema, lakini haikai sana mwilini. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia vimelea waliosalia. Dozi ya pili haisubiri usiku: aliyemeza ya kwanza saa mbili asubuhi humeza ya pili saa kumi jioni, ya tatu kesho yake saa mbili asubuhi, kisha zinazofuata kila baada ya saa 12. Chakula chenye mafuta kidogo huusaidia mwili kuipokea dawa vizuri.

Hakuna lililo gumu hapo kwa mtu anayeendesha biashara, shamba au familia. Aliyeelezwa hivyo anajua kwa nini asiviweke akiba vidonge vilivyobaki anapopata nafuu siku ya pili.

Tanzania imewahi kuwaamini watu wazima namna hiyo kwa upana wa nchi nzima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadili magonjwa ya hapo hapo kwao na hatua za kuchukua. Kiongozi wa kikundi alifunzwa kuongoza mazungumzo. Hakutakiwa kuwa bingwa wa tiba. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, na waliofanya kazi hiyo ndio hao hao waliokuwa wamejadili sababu zake.

Dirishani, heshima ya aina hiyo inahitaji kubadilisha swali. "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani na baba akakuuliza dawa hizi zinamezwaje, utamwambiaje?" Sasa anayepimwa ni mtoa maelezo. Mama akikosea, mwenye kazi ya kutafuta njia nyingine ya kueleza ni yule aliyevaa koti jeupe, na hakuna aliyeaibishwa.

Watumishi watasema foleni ni ndefu, na ni kweli. Mhudumu mmoja mwenye wagonjwa kumi mbele yake hana nafasi ya mhadhara. Lakini swali hilo moja na marekebisho yake havihitaji mhadhara, na mgonjwa aliyekatisha dozi anaweza kurudi kwenye foleni ile ile akiwa hoi zaidi.

Kwa hiyo jambo hili lisiachiwe hulka ya mtu mmoja mmoja. Vyuo vya uuguzi na famasia vilipe alama katika mtihani wa vitendo: mwanafunzi akishamaliza kuhudumia, msahihishaji amsikilize mgonjwa akieleza mwenyewe atakavyotumia dawa, na alama zitokane na maelezo hayo.