Kimya cha Mtambo si Ushahidi wa Usalama

Tangu enzi za wazee wetu, mfanyabiashara aliyepunja mizani alihesabiwa kuwa mwizi. Leo mizani imekuwa mtambo wa maabara, lakini wajibu wa kupima kwa haki haukubadilika.

Viungo vyetu vya Unguja na Pemba, kama vile pilipili manga, kungumanga, tangawizi na manjano, haviruhusiwi kuingia katika soko la Umoja wa Ulaya iwapo kila kilo ina zaidi ya mikrogramu 5 za sumukuvu ya aina ya B1. Hizo ni sehemu 5 tu katika bilioni. Jicho wala pua haviwezi kuzibaini. Wala jambo hili si la wanunuzi wa ng'ambo peke yao: mwaka 2016 sumukuvu iliua ndugu zetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mtambo unaoibaini sumu hiyo ni spektrometa ya masi, ambayo huzitambua chembe kwa uzito wake. Hata hivyo, haioni chembe isiyo na chaji ya umeme. Ndiyo maana mlangoni pake huwekwa chanzo cha ayoni, yaani mrija mwembamba wenye umeme wa volti elfu kadhaa, unaoigeuza sampuli ya majimaji kuwa ukungu. Gesi moto ya naitrojeni huyakausha matone hayo hata zikabaki chembe zenye chaji.

Hapo ndipo palipo na mtihani. Umeme ukizidi, cheche huruka; ukipungua, ukungu hukatika. Gesi ikipoa, matone hayakauki. Ncha ya mrija ikikaa kombo, chembe nyingi hupotea njiani. Chumvi ikiwamo, sumu ya B1, ambayo hutazamiwa kwenye uzito wa 313, hubeba sodiamu na kuhamia 335. Kwa yote hayo tokeo ni moja: mtambo hunyamaza, na mzembe huandika kwamba hakuna sumu.

Fundi mwadilifu hafanyi hivyo. Hutumia myeyuko wenye kiasi cha sumu kinachojulikana, akarekebisha jambo moja baada ya jingine na kuandika kila kipimo daftarini. Tena hutia katika kila sampuli sumu ya mfano iliyotengenezwa kwa kaboni nzito. Isipoonekana kama ilivyotarajiwa, majibu yote hukataliwa.

Kwa hiyo tunawaasa wenye dhamana ya mafungu ya Serikali. Kununua mtambo ni mwanzo tu wa kazi. Hati inayoidhinisha ununuzi na iidhinishe pia mafunzo ya fundi, sumu za mfano, gesi safi, umeme usiokatika na muda wa kusafisha chanzo hicho. Pasipo hayo, cheti tunachompa mkulima ni karatasi tupu, na mlaji tunayemhakikishia usalama tumemdanganya.

Mizani ni amana. Aliyekabidhiwa na aitunze.