Maikrofoni Mbili Ndogo Zafaa Shule Kuliko Moja Kubwa

Kila unapowadia msimu wa tamasha la muziki, ngoma za shule zetu hurindima kutoka Lamu hadi Busia. Msimu unapokwisha, kinachosalia aghalabu ni video iliyonaswa kwa simu na mzazi aliyeketi safu ya nyuma. Humo, ngoma husikika kama mtu agongaye mlango wa kabati, na kayamba kama mchanga umwagwao kwenye karatasi. Hayo ndiyo tunayompa mwanafunzi wa mwaka ufuatao ajifunzie.

Jambo hili lilionekana dogo enzi muziki ulipohesabiwa kuwa burudani ya alasiri tu. Sasa si dogo tena. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu walizofunguliwa ni ile ya sanaa na michezo. Shule zinatafuta vifaa, nao wachuuzi wanazingojea. Mwalimu mmoja ninayemfahamu aliingia duka moja jijini kutafuta maikrofoni ya kunasia nyatiti. Alitoka na maikrofoni kubwa ya studio, ya aina ile ambayo waimbaji huonekana wakiisogelea kwa midomo katika video zao. Ilimeza fedha zote za idara. Hata za stendi hazikubaki.

Nashikilia kwamba shule yenye fedha kidogo, inayotaka kunasa ngoma na ala za nyuzi, inunue kwanza jozi ya maikrofoni ndogo za kondensa, zile zilizo nyembamba mfano wa tochi ndogo. Hiyo kubwa na ingoje.

Maikrofoni ya kondensa ni jamaa ya ngoma. Ndani yake mna kiwambo chembamba mno kilichowambwa mbele ya bamba la metali; sauti ikikigonga, nafasi iliyo baina ya viwili hivyo hupungua na kuongezeka, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa umeme. Kiwambo kipana hunasa sauti nyonge bila mvumo mwingi na humpendezesha mwimbaji, lakini sauti zinazokijia kutoka ubavuni hubadilika sura. Kiwambo kidogo hubadilisha kidogo zaidi sauti za ubavuni, na huudaka upesi ule mwanzo wa pigo ambao ndio uhai wa ngoma. Nao wachezaji wetu, kama ajuavyo kila mwalimu, hawakai mahali pamoja mbele ya maikrofoni.

Yamkini msomaji atauliza kama kitu cha bei nafuu chaweza kuaminika. Mwaka 1962, Gerhard Sessler na James West wa maabara za Bell nchini Marekani walibuni maikrofoni yenye kiwambo cha plastiki kinachohifadhi chaji yake chenyewe. Ubunifu huo ndio uliofungua njia ya kondensa za bei rahisi. Leo jozi nzima ya Behringer C-2 au Samson C02 hununuliwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Neumann KM 184 moja. Bado utahitaji mikisa, au kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, chenye kutoa umeme wa volti 48. Hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Sidai kwamba rahisi ni sawa na ghali. Nyingi za bei ya chini zina mvumo wao wenyewe, ambao hautausikia chini ya isukuti bali utausikia chini ya orutu inayopigwa polepole. Dosari iliyo mbaya zaidi ni kwamba baadhi yao huzidisha sauti za juu ili zimvutie mnunuzi, na njuga zikageuka kuwa kelele tupu.

Tuitazame nyatiti. Mpigaji huketi chini. Vidole vi katika nyuzi nane, pete ya mguuni hugonga ukingo wa ala, njuga zilizofungwa mguuni hulia, na juu ya yote hayo yumo anaimba. Hizo ni sauti nne za mtu mmoja. Ukiiweka maikrofoni moja mbele ya kinywa chake, utapata wimbo na kupoteza mguu, na mguu ndio unaoshika mapigo. Mimi huweka moja kiasi cha dhiraa kutoka kwenye nyuzi, imeinuliwa kidogo ili impate na mwimbaji, na ya pili chini, ikielekea pete lakini si karibu mno. Kisha husogeza kwa upana wa kiganja, nasikiliza, nasogeza tena. Kazi hii haina njia ya mkato, na wanafunzi huipenda kuliko nilivyotarajia.

Kwa isukuti na ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, mbinu ya redio ya Ufaransa inatosha: maikrofoni mbili zitengane kwa sentimita 17 na zitazame pande mbili kwa pembe ya digrii 110, juu ya vichwa vya wapigaji. Nje ya darasa zivikwe sponji, maana upepo ni adui wa kondensa. Walimu wa pwani wazihifadhi katika kopo lililofungwa, kwani unyevu huzifanya zikwaruze.

Kuna wenzangu wasemao kwamba heri fedha hizo zitengeneze ngoma zilizopasuka. Hoja hiyo ni nzito, na shule isiyo na ngoma haina la kunasa. Lakini isukuti iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Na wimbo wa Chemirocha, ulioimbwa na wasichana wa Kipsigis mwaka 1950, tunao leo kwa kuwa Hugh Tracey alifika na mashine yake. Ulihifadhiwa Afrika Kusini, na ulirejeshwa kwa wenyewe zaidi ya miaka 60 baadaye. Wazee wapigao ala hizi wanaishi jirani na shule zetu, wengine ng'ambo ya ua tu.

Basi mwalimu atakayekwenda dukani achukue kayamba mkononi. Amwambie muuzaji awashe maikrofoni, alitikise mbele yake, kisha ubavuni, na asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni kama mbegu zinasikika mojamoja. Muuzaji akikataa, duka la pili haliko mbali.