Freni imetengenezwa: nani ametia sinyatire?



Hizi siku, ku biro ya sendika, watu hawaji tena paka juu ya mushahara, kontra ao siku za konje. Wanakuja pia na plakete za freni mu sashe. Mumoja analeta piese yenye kupasuka. Mama mumoja analeta picha mu telefone: motokari ya bwana yake iko juu ya mawe, bila magurudumu, miezi mbili mu garaji. Wote wanauliza neno moja: "Tumelipa, motokari haijapona. Nani ataturudishia feza yetu?" Tumeona ni muzuri tujibu hapa, mbele ya wote, juu hii haiko tena shida ya mutu mumoja.

Tuanze na mambo ya mwenzetu mumoja. Jina yake tunaiacha, na jina ya garaji pia tunaiacha. Anatumika ku mine kwa njia ya Likasi. Na feza ya mwisho wa mwaka alinunua Toyota Noah ya okazio. Siku moja freni ikaanza kulia. Akaipeleka mu garaji moja ya mu lupango, karibu na nyumba. Patro wa garaji akamuambia: "Vié, nenda ununue plakete, siye tutafunga." Akaenda ku duka ya piese, akachagua za bei ya chini, akaleta. Kijana mumoja wa kazi akafunga. Mwenzetu akalipa mukono kwa mukono. Hakuna karatasi, hakuna kujaribu motokari mu njia, hakuna kitu.

Siku ya tatu, ilikuwa siku ya Mungu, anatoka ku misa na muke na watoto wane. Mu kuteremuka anakanyaga freni: pedale inaenda mpaka chini, motokari haisimami. Akashusha vitesi, akavuta freni ya mukono, akaingiza motokari mu majani. Mungu alisaidia, hakuna mutu aliumia.

Kesho yake akarudi ku garaji. Wakamuambia: "Kazi yetu iko muzuri, Vié. Ni ile piese yako njo ya fo." Akaenda ku duka. Wakamuambia: "Piese yetu haina mambo. Ni mekanisye wako njo hajue kazi." Huyu anamutuma kwa ule, ule anamurudisha kwa huyu. Wiki mbili zikapita. Mwisho, mekanisye mwingine akafungua gurudumu na akaona neno lenyewe: vis ndogo ya kutoshea hewa mu freni haikukazwa. Mafuta ya freni ilikuwa inatoka tone kwa tone. Basi haikukuwa plakete, ilikuwa mukono wa mutu. Lakini angeonyesha nini? Hakukuwa na karatasi hata moja yenye kusema nani alifungua ile vis, siku gani, kwa kazi gani. Mwenzetu alilipa mara ya pili, akanyamaza.

Neno letu la leo ni moja: shida yetu kubwa haiko paka mekanisye mubaya. Shida ni kazi bila sinyatire. Pale hakuna sinyatire, mekanisye mubaya na mekanisye muzuri wanafanana, na mwenye kulipa ni siye.

Siye watu wa mine tunajua hii kuliko wengine. Ku kazi, mbele ya kuwasha kamio ya kubeba mawe, shofere anaizunguka, anaangalia pine, mafuta, taa na freni, anaandika ku karatasi. Kama kuko kitu kibaya, kamio haitoki. Mekanisye, mbele ya kuingia chini ya mashine, anakata kura, anafunga kadena yake na jina yake juu. Hakuna shefu, hakuna direktere, mwenye ruhusa ya kutosha kadena ya mutu mwingine. Kazi ikiisha, wanajaribu mashine, kisha wanatia sinyatire. Kama kuko aksida, tunafungua karatasi na tunajua pa kuanzia.

Ile desturi ilitoka mu damu ya wenzetu, na siye wenyewe tunakataa kutumika bila yenyewe. Sasa, juu ya nini tunaiacha ku mulango wa mine? Juu ya nini mashine ya patro inakuwa na karatasi, na motokari yenye kubeba watoto wetu haina?

Mutu asiseme kama haya ni maneno ya matajiri. Mu Lubumbashi, motokari ya mutumikaji haiko ya kujionyesha. Inapeleka mugonjwa ku hopitali usiku. Inaleta mifuko ya unga. Mangaribi inafanya taxi, na ile feza njo inalipa masomo. Wazee wanakumbuka mwaka 2003, wakati watumikaji zaidi ya 10 000 walitoka mu Gécamines kwa ile mupango ya "départs volontaires", yenye Banque mondiale ilisaidia kulipa. Kati yao kulikuwa wababa wenye walitia dekonte yao yote mu taxi. Siku motere ilikufa, dekonte pia ikakufa.

Na motokari zenyewe zinafika kwetu zimechoka. Nyingi zinatoka Japani, zinashuka ku Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa. Volani iko kuume, na siye hapa tunaendesha kuume: ukitaka kupita kamio ku njia ya Likasi, hauone chenye kinakuja mbele. Ongeza vumbi ya kipwa, mashimo na maji ya mvua. Motokari ya namna hii inaomba mukono wa kweli na piese ya kweli.

Hatuandiki haya juu ya kutukana mekanisye. Wengi ni watoto wetu. Wengine walijifunza kazi mu atelye za Gécamines ao za SNCC, na wanajua motere kama mama anajua chungu yake. Wanatumika chini ya muti, vyombo ni kidogo, na kuko wateja wenye kukamata motokari na kupotea bila kulipa. Siye pia tuko na makosa. Tunaharakisha: "Nitakuja kuikamata leo mangaribi." Tunakataa bei ya piese muzuri, tunasema: "Funga tu hivyo." Karatasi itamuchunga mekanisye muzuri naye. Kama uliileta piese mubaya na yeye alikukataza, itakuwa imeandikwa.

Sheria nayo iko, tena ni ya zamani. Code civil yetu, Livre III, ni dekre ya tarehe 30 Julai 1888. Artikle 33 inasema kama mapatano yenye kufanywa sawasawa ni sheria kwa wale wenye kuyafanya. Artikle 258 inasema kama mutu mwenye kuletea mwenzake hasara kwa kosa yake anapashwa kuitengeneza. Artikle 260 inaonyesha kama mutu anajibu pia juu ya wale wenye kutumika chini yake. Basi patro wa garaji asikuambie: "Ni kijana wa kazi alikosa, miye sikukuwa pale." Kijana ni wake. Na kwa ule mwenye kukuuzishia motokari ao piese, ile code inamuomba kujibu juu ya ubaya wenye kufichama, wenye hauwezi kuona siku ya kununua. Lakini unapashwa kulalamika mbiyo. Ukingoja mwaka muzima, utapoteza haki yako.

Basi tufanye namna gani? Hizi hatua tano hazina bei.

Ya kwanza, karatasi mbele ya kazi. Mukate wa kaye ya mutoto unatosha. Muandike tarehe, namba ya motokari, kilometa, ubaya wenye uliona, kazi yenye mumepatana, bei, na siku ngapi garaji inajibu juu ya ile kazi. Muandike pia nani analeta piese na jina ya mwenye kuifunga. Karatasi mbili, sinyatire mbili, kila mutu achunge yake.

Ya pili, piese. Muende kuichagua pamoja na mekanisye, ao yeye mwenyewe ainunue. Ku duka muombe fakitire yenye jina ya piese. Mwenye kuchagua piese njo anajibu juu yake. Hapo ule mupira wa "nenda kwa ule, rudi kwa huyu" utasimama.

Ya tatu, uombe piese ya zamani. Kama wamebadilisha kitu kweli, cha zamani kiko. Ukikiona na macho, utajua kama kilikuwa kimekufa ao kilitoshwa bure.

Ya ine, mujaribu pamoja. Mekanisye akae pembeni yako mu motokari. Muanze pole pole, mu njia yenye kunyooka, pale hakuna watu wengi. Mukanyage freni mara mingi. Pedale ikishuka chini ya mukulu, musitoke. Kesho asubuhi uangalie udongo chini ya motokari: tone moja ya mafuta inasema mengi kuliko maneno ya patro.

Ya tano, kama ubaya unarudi, usimamishe motokari. Upige picha. Uite garaji ya kwanza ione mbele mwingine hajafungua, ao mekanisye wa pili aandike chenye ameona, mbele ya washahidi wawili. Uombe garaji irudilie kazi. Ikikataa, uandike barua na siku ya mwisho ya kujibu, na uchunge kopi yenye sinyatire ya kuipokea. Musipatane hata hapo, kuko tribinali ya amani, ile tunaita "tribunal de paix", yenye kuhukumu mambo madogo ya feza. Lakini usianzie ku polisi. Mambo ya mapatano ni ya civil, na kumufunga mekanisye mu kasho hakukazi vis. Utalipa huku, utalipa kule, na motokari itabaki juu ya mawe.

Kuko pia ubaya wenye haukutoka mu garaji, ulitoka ku izine yenyewe. Wengine walisikia jina ya Takata, kampuni ya Japani yenye ilikuwa inatengeneza airbag. Ile airbag iliweza kupasuka na kutupa vipande vya chuma mu uso wa shofere. Watu walikufa. Toyota, Honda, Nissan na wengine waliita motokari mamilioni mingi, dunia muzima, kwa kubadilisha ile kitu bure. Takata yenyewe ilianguka mu faillite mwaka 2017. Motokari yenye iliuzishwa inje ya Japani mbele ya kutengenezwa inaweza kufika hapa kwetu na ile ubaya ndani. Mukinunua okazio, muandike namba ya shasi na muulize kwa mwakilishi wa marque, ao mu telefone ku site ya marque, kama motokari hii iliitwa. Na taa ya airbag ikibaki yenye kuwaka, musikubali mutu atoshe ampule juu isionekane. Kufunika macho hakuponyeshi ugonjwa.

Neno lingine kwa watumikaji: kama aksida inakupata mu njia ya kutoka nyumbani kwenda ku kazi, ao ya kurudi, sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ya usalama wa jamii inaihesabu kama aksida ya kazi. Mujulishe delege siku ileile, juu patro afanye deklarasio ku CNSS. Wajane wengi walipoteza haki juu ya kunyamaza wiki za kwanza.

Siye sendika tunajifunga hivi. Tutapanga karatasi moja ya garaji, ya kujaza tu, na kila delege atakuwa nayo. Tutachunga kaye ya garaji zenye kukubali kutia sinyatire na kusimama juu ya kazi yao. Zile njo tutaonyesha wenzetu. Mwenye kuwa na karatasi na kukataliwa, tutamusindikiza. Mwenye hana, tutamusikiliza, lakini tutakuwa na mikono mitupu kama yeye.

Kwa makampuni tunaomba kitu kidogo: siku moja kwa mwezi, atelye ya mine iangalie freni, pine na volani za motokari za watumikaji. Hii haiko sadaka. Mutumikaji mwenye kufa ku njia haingii tena ku posti. Na kwa serikali tunaomba kontrole tekiniki yenye kufungua gurudumu, isikuwe paka ya kupiga tampo.

Mwenzetu wa ile Noah alirudi ku biro wiki ya nyuma. Ambreyaje yake inateleza. Mbele ya kutoa funguo, alitosha mukate wa kaye mu mufuko. Mekanisye alicheka, kisha akaomba bic. Wandugu, na siye tufanye vile. Pale hakuna sinyatire, watoto wasipande.