Baiskeli nayo ni pembejeo

Leo tuweke mbolea pembeni, tuzungumzie baiskeli.

Zamani mpagazi wa Kinyamwezi alibeba yapata kilo 30 kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo 28 hivi, na mfugaji nyuki wa Sikonge hufunga mbili kwenye keria, wakati mwingine na mtoto amekaa mbele kwenye bomba! Ndiyo maana tulizipenda Phoenix ya China na Hero ya India: nzito, tairi za inchi 28, hazina gia, na fundi yeyote chini ya mwembe anazijua.

Sasa biashara imegeuka. Umoja wa Ulaya uliziwekea baiskeli za China ushuru wa asilimia 30.6 mwaka 1993, ukaupandisha hadi 48.5 mwaka 2005. Viwanda vikaingia kwenye baiskeli za umeme, nazo zikawekewa ushuru mwaka 2019. Wanakimbizana huko kwa sababu ndiko kwenye hela. Ya kwetu hutengenezwa kwa bei anayotaka mwagizaji: akitaka rahisi, atapewa bomba jembamba na spoki laini, rangi ikiwa ileile ya kung'aa.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge, nikanunua ya gia. Keria ilikatika nikiwa na gunia moja tu la mahindi, na cheni ya kufaa nilizunguka mjini wiki nzima.

AMCOS zetu za tumbaku hukopesha mbolea na dawa. Kwa nini baiskeli isiwemo? Mtu mmoja dukani huchukua kilichopo. Wanachama mia wakiagiza pamoja wanaweza kumwambia mwagizaji: tunataka keria ya nondo, spoki nene, na vipuri vije pamoja na mzigo. Najua mtasema madeni ya tumbaku yanatosha. Ni kweli, kwa hiyo makato yagawanywe misimu miwili, na asiyetaka asilazimishwe.

Kwa sasa, ukienda kununua, nenda na fundi wako. Akalie keria kwa uzito wake wote, azungushe tairi aone kama rimu inacheza, kisha aulizie spoki na goroli za akiba. Kama hazipo dukani hapo, iacheni.