Foleni Isiyouliza Cheo

Kila mwaka, Juni inapoelekea ukingoni, wapo ndugu zetu wa Visiwani waishio Uingereza, au wanaokwenda huko kwa matembezi, wanaotamani kuyashuhudia mashindano ya tenisi ya Wimbledon, yaliyoanza mwaka 1877. Wengine hukata tamaa mapema kwa kuamini kwamba mlango ule ni wa matajiri na wenye kujuana na wakubwa. Imani hiyo si sahihi, na ni vyema ikarekebishwa.

Njia za mtu wa kawaida ni mbili. Ya kwanza ni kura, iliyoanza mwaka 1924. Mwombaji hujiandikisha miezi mingi kabla ya mashindano. Hachagui siku wala kiwanja, na akibahatika haruhusiwi kumuuzia mwingine tikiti yake. Ya pili ni foleni. Kila siku ya mchezo, tikiti zipatazo 500 za kila kimoja cha viwanja vitatu vikubwa huuzwa kwa waliopanga foleni, isipokuwa za kiwanja kikuu katika siku nne za mwisho. Zaidi ya hizo, yapo maelfu ya tikiti za kutazama michezo ya viwanja vidogo.

Anayetaka kiti katika viwanja vikubwa aghalabu hulala palepale hemani. Akifika hupewa namba yake; mtu mmoja hupata tikiti moja, na hakuna kumshikia mwenziwe nafasi. Akishaingia, hunyamaza mpira unapochezwa, wala haondoki kitini mpaka wachezaji wabadilishane pande. Hata tikiti za wanaoondoka mapema, tangu mwaka 1954, huuzwa tena kwa bei ndogo, na fedha zake hutolewa kwa hisani.

Hatusemi kwamba Wimbledon ni mahali pa usawa mtupu. Lipo jukwaa la kifalme, ambalo huingiwa kwa mwaliko tu. Zipo pia hati za dhamana za bei ghali, na ni tikiti zitokanazo na hati hizo pekee zinazoruhusiwa kuuziwa mtu mwingine. Kwa hiyo mwananchi ajihadhari na walanguzi, asije akalipa fedha nyingi na kurudishwa mlangoni. Lakini fungu la mnyonge limetengwa, na linalindwa.

Hapo ndipo tunapowageukia viongozi wetu. Agosti 2025 Uwanja wa Amaan ulipokea mechi za mashindano ya CHAN, na mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Michezo mikubwa huvuta umati, na umati huvuta ulanguzi. Tunawashauri wahusika watangaze mapema idadi ya viti vya waalikwa na idadi ya viti vya wananchi. Kila mtu apewe namba kwa zamu ya kufika kwake. Na afisa asiye na tikiti asipitishwe kwa sababu ya cheo chake. Wananchi nao wawakatae walanguzi, kwani bila mnunuzi ulanguzi haupo.

Aliyekesha nje kwa ajili ya kiti chake asikikute kimekaliwa na mtu aliyeshuka garini mchana.