Mchezo wa Vita Usimsahau Mpagazi

Kijana anayelipia saa yake katika kibanda cha michezo ya kompyuta anaweza kupigana Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 mara kumi kwa siku moja. Mchezo mashuhuri wa vita hiyo, Battlefield 1, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya DICE ya Sweden, humpeleka Ufaransa, Italia, Gallipoli na jangwa la Arabia. Haumpeleki Korogwe wala Handeni. Na mwaka huo wa 2016 ndio ulikuwa unatimia mwaka wa mia tangu majeshi ya Jenerali Smuts yalipoteremka kando ya mto Pangani, yakaingia Korogwe na kisha Handeni katika mwezi wa Juni 1916.

Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 imeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Vijana wenye ujuzi wa kutunga programu za kompyuta wapo nchini na wanaongezeka. Ni dhahiri, basi, kwamba siku moja mchezo wa kufundishia vita hii utatungwa hapa hapa. Jambo linalostahili kuzingatiwa tangu sasa na walimu, pamoja na watumishi wa elimu na utamaduni, ni mchezo huo utatungwa kwa macho ya nani.

Historia ya vita hii, kama ilivyoandikwa na mabeberu wenyewe, ni hadithi ya majenerali wawili: von Lettow-Vorbeck mjanja na Smuts mwenye haraka. Mwafrika huonekana kama miti ya porini inavyoonekana, yaani yupo, lakini si mhusika. Mchezo ukinakili vitabu hivyo, hata ukizungumza Kiswahili fasaha na kupambwa kwa milima ya Usambara, utakuwa ni kasumba ile ile katika chombo kipya. Hatari yake ni kubwa kuliko ya kitabu. Msomaji wa kitabu huweza kubishana nacho. Mchezaji hutii kanuni ili ashinde, na kile ambacho kanuni inakihesabu ndicho anachojifunza kuwa kina thamani. Kama alama hutolewa kwa maiti, somo ni maiti.

Ni nini basi kihesabiwe? Jibu liko katika njia ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, mwendo wa kilomita kama 65. Farasi na maksai wa majeshi walikuwa wakifa kwa mbung'o. Wajerumani walikuwa wametandika reli nyepesi kutoka Mombo hadi Handeni, na vitoroli vyake vilisukumwa kwa mikono ya watu. Zaidi ya hapo kila risasi, kila kopo la nyama na kila hema lilikwenda kichwani mwa mtu. Mpagazi alibeba karibu kilo 25. Tuseme posho yake ilikuwa kilo moja ya unga kwa siku, na mwendo wa Korogwe hadi Handeni siku tatu. Akibeba unga, kwenda na kurudi atakula kilo 6, na kufikisha 19. Jeshi likisogea hadi umbali wa siku 12, atakula kilo 24 na kufikisha kilo moja tu. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hiyo, na akiisha kuifanya amekwisha kuelewa kwa nini majeshi yalihitaji watu wengi kiasi kile, na kwa nini yote mawili yaliingia katika maghala ya wakulima kutafuta chakula.

Hesabu hiyo ndiyo iwe moyo wa mchezo. Waingereza na washirika wao walikusanya wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita nzima, na kumbukumbu zao wenyewe zinakubali vifo zaidi ya 40,000, hesabu ambayo wanahistoria wengi huiona kuwa ndogo mno. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Tarehe 24 Juni 1916, katika mto Lukigura, kusini ya Handeni, Smuts alipata ushindi, lakini baada ya hapo jeshi lake lilikaa wiki kadhaa bila kusonga kwa sababu ya maradhi na uhaba wa chakula. Mchezo unaompa mchezaji ushindi Lukigura na kumnyamazia yaliyofuata, unadanganya.

Lipo pia swali la adui. Askari wa Mjerumani alikuwa Mwafrika, na mbele yake, pamoja na makaburu, walisimama Wahindi na Waafrika wa makoloni mengine. Mtoto wa Handeni ampige nani? Mtungaji akishindwa kulijibu swali hili, afadhali aiache bunduki kabisa. Jambo hilo linawezekana. Valiant Hearts, mchezo wa kampuni ya Ubisoft uliotolewa mwaka 2014, unafundisha vita hiyo hiyo ya Ulaya kwa mafumbo ya kufumbua na maelezo ya kihistoria, na wahusika wake wakuu ni watu wa kawaida waliotenganishwa na vita.

Wapo watakaosema kwamba vita si kitu cha kuchezewa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa jamii ambazo jamaa zao hawakurudi. Lakini Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliviweka katika utenzi vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na hakuna aliyemlaumu kwamba aliimbia misiba. Alitumia chombo cha wakati wake.

Wala kukosa kompyuta si udhuru. Mchezo ni kanuni kabla ya kuwa mashine, na hata mafundi wa nchi tajiri huanza kuujaribu mezani kwa karatasi. Mwalimu wa Mombo au wa Handeni anaweza kuchora njia sakafuni, akagawa kete za bao kuwa ni unga, darasa moja likawa wapagazi, jingine wanakijiji wenye ghala, jingine maofisa wa posho. Kanuni zitakazosimama baada ya kujaribiwa na watoto ndizo wapelekewe watunga programu na Taasisi ya Elimu Tanzania. Wakati huo huo wanafunzi watumwe kwa wazee. Waliobeba mizigo hawapo tena, na hata watoto wao ni wachache mno. Wajukuu bado wapo, na baadhi yao wanajua babu alichukuliwa kutoka kijiji gani, alipita njia ipi, na nyumbani walikula nini mwaka ule.